Bi Mwanakuu na Kutu ya Kisimani

Aliyeiona ile rangi mwanzo ni Sheikha, wifi yake Bi Mwanakuu, na lau angeiona mtu mwingine yeyote hapo mtaani Kuze, Mombasa, mambo yasingefika yalikofika. Sheikha alikuwa mwanamke mkarimu, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kusaidia, lakini habari ikiingia sikioni mwake ilikuwa haikai. Ilitafuta njia ya kutokea.

Ilikuwa asubuhi ya Ijumaa. Bi Mwanakuu alikuwa ametoka kuoga, ameketi mkekani ukumbini, akizichana nywele zake kabla ya kuzisuka. Nywele hizo zilikuwa nyeupe kama pamba tangu alipofiwa na mumewe, marehemu Shekuwe, kakake Sheikha. Sasa zilikuwa na wekundu. Haukuwa wekundu wa kupendeza, bali ule wa bati lililonyeshewa mvua likasahauliwa.

"Wifi," Sheikha akasema, akiliweka chini bakuli la mahamri alilokuja nalo, "umetia hina?"

"Hina ya nini?"

"Wanificha mimi?"

"Nikufiche nini, Sheikha? Ni mwanga wa dirishani tu huo."

Sheikha akainama, akashika shungi moja na kulinyanyua usawa wa macho yake. "Mwanga gani huu unaoshikika? Haya, niambie. Ni nani?"

"Nani nini?"

"Huyo mwanamume."

Bi Mwanakuu alicheka hadi kitana kikamtoka mkononi. Kucheka huko ndiko kulikomponza, kwa sababu Sheikha alikuchukua kuwa ni jibu.

Tuseme kidogo habari za bibi huyu. Bi Mwanakuu alikuwa akiishi katika nyumba ya ghorofa moja aliyoachiwa na wazee wake, yenye ua wa ndani na kisima katikati ya ua. Kazi yake ilikuwa kufua kofia. Si kila mtu anayeweza kufua kofia ya vito, ile iliyoshonwa kwa mkono miezi mingi, tundu kwa tundu. Ukiisugua kwa nguvu, nyuzi zinafumuka. Ukiikamua, inaharibika umbo. Bi Mwanakuu aliziroweka, akazipapasa kwa viganja kama anayemwosha mtoto mchanga, akazitia wanga wa muhogo, kisha akazivika juu ya mikebe ya duara zikauke zikiwa zimesimama. Wanaume wa Mji wa Kale waliopenda kutoka vizuri siku ya Ijumaa walimjua, na wake zao walimjua zaidi, maana wao ndio waliokuja na kofia mkobani na maneno mdomoni.

Kwa miaka mingi alifulia maji ya bomba. Lakini mabomba ya mtaa wake yalizoea kukauka, na maji ya mkokoteni yalikuwa ya kusubiriwa. Kwa hiyo baada ya Idi aliamua kukifufua kile kisima cha uani kilichokuwa kimefunikwa kwa ubao tangu ujana wake. Mafundi wakakizibua na kukichimba zaidi, na bwana mmoja kwa jina Chonga akaja kumfungia pampu na tangi.

Chonga alikuwa Mdigo, mjane kama yeye, fundi wa mabomba aliyefanya kazi miaka mingi katika maghala ya Shimanzi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mazoea ya kuisemesha pampu kana kwamba ni punda. "Haya, bibi wee, vuta. Vuta kidogo tu." Pampu ile haikuwa na adabu, ikawa inamwita Chonga kila baada ya siku chache. Naye alikuja, akabisha hodi, akafanya kazi yake uani mlango wa mbele ukiwa wazi, akaenda zake.

Basi Sheikha alipotoka pale Ijumaa ile, hakuhitaji kutafuta jina la mwanamume. Jina lilikuwa tayari.

Kufikia Jumapili, muuza mbaazi alimuuliza Bi Mwanakuu kama pilau litapikwa nyumbani au barazani. Jumatatu, mama mmoja wa Kibokoni alimletea kofia ya mumewe na kijichupa cha mafuta ya mawaridi. "Cha nini?" Bi Mwanakuu akauliza. Yule mama akafumba jicho moja na kuondoka.

Kasyoka, mpangaji wake wa chumba cha juu, ndiye aliyemweleza yote. Kasyoka alikuwa msichana wa Kitui aliyeajiriwa katika ofisi ya kampuni moja ya malori huko Shimanzi, na kila jioni alikuwa na desturi ya kushuka uani kumsaidia mwenye nyumba kuanua kofia.

"Bi Mwanakuu, mimi si wa kuingilia mambo ya watu," alisema, "lakini wanasema mnaoa na yule fundi wa maji."

"Naolewa, mwanangu. Mwanamke huolewa," Bi Mwanakuu akamsahihisha, kisha akashtuka. "Astaghfirullahi! Nani asemaye?"

"Kila mtu. Wanasema umejipaka hina kwa ajili yake."

Bi Mwanakuu alishika kichwa. Usiku ule alijitazama kwenye kioo, akakubali kwamba Sheikha hakuona mwanga. Lakini sababu hakuijua. Alidhani ni mafuta mapya ya nazi, akayaacha. Rangi haikubadilika.

Na ingebaki kuwa mzaha wa mtaani, isingekuwa kofia za Bi Mejumaa.

Bi Mejumaa alikuwa akimwoza mwanawe wa kiume, na katika mji ule hakuna aliyekuwa makini na mavazi kama yeye. Alileta kofia ya bwana harusi, kofia ya kale ya babu yake huyo kijana, na nyingine za wajomba watakaofuatana naye. Akazipanga mezani moja moja, kama mtu anayepanga mayai.

"Mwanakuu," alisema, "hii ya babu yao siyo kofia. Hii ni mtu wa nyumba yetu. Wanielewa?"

"Nakuelewa, Mejumaa. Niachie."

Bi Mwanakuu alizifua kama kawaida. Zilipokauka, zikawa na umanjano. Akazifua tena, umanjano ukazidi. Hapo akafanya jambo ambalo hakuwa na tabia ya kulifanya: akatuma dukani kununuliwa ile dawa ya maji ya kung'arisha nguo, yenye harufu ya kuchoma pua, akatia tone tu kwenye beseni la maji ya kisima. Alipozitoa kofia, alikaa chini pale pale sakafuni. Kofia ya babu ilikuwa na doa la kahawia, kubwa, kama mtu aliyemwagiwa chai ubavuni.

Kasyoka alimkuta amekaa hivyo hivyo, kofia mapajani.

"Imekufa," Bi Mwanakuu akasema. "Nimemuua mzee wa watu mara ya pili."

Kasyoka hakujua acheke au alie. Akakaa karibu naye. Kwa muda walilitazama lile doa tu. Na katika kulitazama, Bi Mwanakuu akakumbuka kanga ya mamake iliyowahi kusahauliwa na pini ndani yake, ikapata doa la rangi hii hii. Mamake alilitoa kwa ndimu na chumvi, akaianika juani. Kwa nini ndimu? Kwa sababu lile lilikuwa doa la kutu.

"Kasyoka," akasema polepole, "hebu nipe ndimu zilizo jikoni. Zote."

Walikamua ndimu, wakanyunyiza chumvi, wakaipaka kofia kwa ncha za vidole na kuiweka juani kwenye kibaraza cha juu. Jua la saa sita la Mombasa likafanya kazi yake. Kila walipoenda kutazama, doa lilikuwa limefifia. Walipaka tena. Kabla ya alasiri lilikuwa limekwenda, na Bi Mwanakuu akaisuuza kofia kwa maji aliyoyanunua kwa mtu wa mkokoteni, akaibusu, akaivika juu ya mkebe. Halafu akafanya vivyo hivyo na zile za wajomba. Bi Mejumaa alipokuja kuzichukua alizishika akazigeuza kila upande, akasema, "Mashaallah, zina harufu nzuri. Umezitia nini?"

"Mkono wangu tu, shoga," Bi Mwanakuu akajibu, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Lakini sasa alijua alichokuwa akipambana nacho. Ikiwa ndimu imetoa doa, basi doa ni kutu, na ikiwa ni kutu, basi kisimani mna chuma. Akamwita Chonga.

Chonga alikuja na mkoba wake. Alisalimu kwa urefu, akaulizia hali ya kila mtu nyumbani, kisha akakaa akizungusha spana mkononi. Bi Mwanakuu alimwandalia chai ya rangi, na kwa kuwa maji ya kununua yalikuwa yameisha, aliichemsha kwa maji ya kisima. Ilipomiminwa kikombeni ilikuwa nyeusi kama wino wa kuandikia. Chonga aliitazama. Akaitia sukari. Akainywa yote bila kukunja uso.

"Bwana Chonga, huoni rangi?"

"Naiona, Bi Mwanakuu. Lakini nimekaribishwa."

Hapo akamweleza habari za madoa. Chonga akasema bila kusita kwamba ni bomba. Bomba la chuma lililozama kisimani limeshika kutu, alibadilishe kwa la plastiki. Akalibadilisha, kazi ya siku nzima, akitoka jasho na kuisemesha pampu. Maji yakatoka meupe yanang'aa. Wote watatu, Kasyoka naye, wakafurahi. Asubuhi yake, ndoo iliyokuwa imejazwa jioni ilikuwa na utando wa rangi ya chungwa.

Bi Mwanakuu hakumwita mtu. Alichukua jagi la kioo, akateka maji kwa ndoo na kamba moja kwa moja kutoka kisimani, bila pampu wala bomba. Yalikuwa safi, unaona upande wa pili. Akaliweka jagi dirishani, akaendelea na kofia zake. Baadaye maji yakaanza kuwa na ukungu. Kufikia adhuhuri yalikuwa ya manjano, na kufikia alasiri chini ya jagi palikuwa na vumbi jekundu, lakini juu yake maji yalikuwa yametulia na kuwa safi tena.

Chonga alipoonyeshwa, alikuna kidevu. "Basi nimekuzungusha bure. Si bomba. Maji yenyewe yanatoka chini na chuma kimejificha ndani yake, hakionekani mpaka kikutane na hewa."

"Na kikikutana na hewa kinashuka chini," akasema Bi Mwanakuu. "Mimi nazitia kofia zangu ndani kabla hakijashuka, kwa hiyo kinashukia humo."

"Na kichwani pako," akasema Kasyoka, aliyekuwa akianua kofia kando yao.

Bi Mwanakuu aliuvuta ushungi wake mbele. Chonga akaitazama pampu kwa makini sana, ingawa pampu ilikuwa imezimwa.

Kasyoka, labda kwa kutaka kuwaokoa, akaanza kueleza habari za shule aliyosomea kwao Kitui. Kilikuwako kisima kirefu ambacho maji yake yalikuwa hivi hivi. Waliyamwaga kutoka juu yakapita kwenye masinia yaliyotobolewa vitundu, yakaanguka kama manyunyu ya mvua, kisha yakapita mchangani. "Sikujua kwa nini walikuwa wakifanya hivyo," alisema. "Tulikuwa tukienda pale kucheza na kulowa tu."

Waliianza kazi Jumamosi iliyofuata. Kasyoka alileta kutoka Shimanzi mapipa ya buluu yaliyowahi kubeba maji ya maembe, na uani pakanukia maembe mpaka nyuki wakaja. Chonga alileta mchanga wa mto, akasema wa pwani hautafaa, una chumvi. Bi Mwanakuu alitoboa beseni kuukuu la plastiki kwa msumari uliopashwa moto, tundu nyingi na ndogo, kwa ustadi ule ule anaotumia kutazama vito vya kofia. Mchanga waliuosha na kuuosha tena mpaka maji yake yakaacha kuwa tope, na kila aliyekuwapo alilowa, na Chonga alilowa zaidi ya wote.

Walilitundika beseni juu, pipa la mchanga chini yake, wakawasha pampu. Maji yakanyunya kama mvua ya vuli. Yakaingia mchangani, yakatoka chini kwa bomba dogo, na ndani ya muda mfupi yakatoka mekundu.

"Tumeyafanya mabaya zaidi!" Kasyoka akalia.

Bi Mwanakuu aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akayatazama yale manyunyu. Alifikiria lile jagi la dirishani. "Hatukuyapa nafasi," akasema. "Jagi langu lilichukua mchana kutwa. Sisi tumeyanyunyiza na kuyasukuma mchangani papo hapo. Maji haya yataka kupumzika kwanza."

"Yapumzike wapi?" akauliza Chonga.

"Katika pipa la kati. Yaanguke humo, yatulie, uchafu uzame, kisha yale ya juu ndiyo yaende mchangani. Taratibu. Wewe, Bwana Chonga, wapenda kuikimbiza pampu."

"Mimi?" akasema Chonga, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja nyumba ile, akacheka kwa sauti.

Wakaongeza pipa la kati. Chonga akatia koki ili maji yapite kidogo kidogo, wakayaacha yalale. Kesho yake adhuhuri, Kasyoka aliporudi kutoka kanisani na Chonga alipotoka kuswali, Bi Mwanakuu alikuwa amekwisha chemsha chai. Hakuifunua mpaka wote walipokaa. Akaimimina kikombeni. Ilikuwa nyekundu ya dhahabu, rangi ya chai ya rangi kama inavyotakiwa iwe, unaona hata maua ya kikombe chini.

"Alhamdulillahi," akasema Chonga.

"Asante Yesu," akasema Kasyoka.

Bi Mwanakuu alikwenda ndani akaleta leso nyeupe kabisa, akairoweka katika maji yale, akaianika, akakaa kuilinda kana kwamba kuna mtu atakayekuja kuiba. Ilikauka nyeupe. Hapo ndipo alipopiga kigelegele, na Sheikha aliyekuwa akipita kichochoroni akakisikia.

Sheikha aliingia mbio. "Ndiyo leo? Mbona hamkuniita!"

"Leo nini, wifi?"

"Posa!"

Ikabidi aketishwe, apewe chai, aonyeshwe jagi, beseni, mapipa na mchanga, na aelezwe kwamba hina haikuwapo. Sheikha alisikiliza yote kwa uso ulioanza kunyauka. "Kwa hiyo ni maji," akasema. "Na mimi nimekwisha mwambia mpaka fundi cherehani." Kisha akageuka. "Nisamehe, wifi. Nawe, Bwana Chonga, nisamehe. Nimekutia midomoni mwa watu."

Chonga alikuwa akikusanya spana zake. Alizitia mkobani moja moja, akaufunga, akaufungua tena.

"Mimi sina la kusamehe, Bi Sheikha," akasema. "Watu wananipongeza msikitini tangu mwezi uliopita. Mwanzo nilikuwa nikikataa. Halafu nikachoka kukataa. Halafu..." Akatazama mapipa. "Halafu nikaona nahuzunika nikikataa. Nywele za Bi Mwanakuu sijaziona, wala si haki yangu kuziona, ziwe nyekundu au nyeupe. Lakini pampu hii niliitengeneza vizuri tangu mara ya tatu. Mara nyingine zote nilikuja kuitazama tu."

Kasyoka aliziba mdomo kwa kiganja. Sheikha akakiweka chini kikombe chake cha chai.

Bi Mwanakuu alihisi uso umeshika moto kama msichana. Alikuwa amezoea upweke wake, alikuwa ameupanga vizuri kama anavyopanga kofia zake, kila siku juu ya mkebe wake. Akamtazama mtu huyu aliyekunywa kikombe kizima cha wino kwa ajili ya heshima. Akainuka, akakunja leso yake nyeupe.

"Bwana Chonga," akasema, "mambo kama haya hayasemwi uani mbele ya mapipa. Yuko kakangu anayekaa Makadara. Ana wazee wake, nawe una wako."

"Nitawatuma."

"Watakapokwenda, nitaulizwa."

"Na ukiulizwa?"

"Nitasikia swali kwanza," akasema Bi Mwanakuu, lakini alikuwa akitabasamu, na Sheikha alikuwa amekwisha simama kutafuta viatu vyake.

Wazee walikwenda, swali likaulizwa, likajibiwa. Walioana baada ya pepo za kusi kupoa, kwa pilau la kiasi na watu wa karibu, na Bi Mejumaa alimletea bwana harusi kofia mpya kama tunzo, ambayo Bi Mwanakuu aliifua mwenyewe kabla hajairuhusu kuvaliwa. Kasyoka alibaki katika chumba chake cha juu, na siku za mapumziko ndiye anayesimamia kuosha mchanga, maana utando mwekundu hujijenga juu yake na usipoondolewa maji hukataa kupita.

Majirani walianza kuja na madumu. Halafu wakaanza kuja na maswali, kwa kuwa visima vya mtaa ule viko vingi na si kimoja tu chenye tabia hiyo. Wa kwanza kutaka mapipa yake mwenyewe alikuwa Sheikha, na juzi Jumamosi ndipo yalipopelekwa. Chonga alishika mbele na Bi Mwanakuu nyuma, na kwenye kona ya kichochoro, pale kuta mbili zinapokaribiana hata mtu mnene hupita ubavuubavu, pipa likakwama. Halikwenda mbele wala halikurudi nyuma. Mtu wa mkokoteni akasimama upande huu na muuza samaki upande ule, na madirisha yote ya juu yakafunguka, kila dirisha na ushauri wake.

"Liinueni!"

"Lizungusheni!"

"Limwagieni mafuta!"

"Chonga," Bi Mwanakuu akaita kutoka nyuma ya pipa, "wasukuma au wavuta?"

"Navuta!"

"Basi acha kuvuta, wazidi kulikaza!"

Akavua viatu vyake, akavikabidhi kwa muuza samaki, akaweka bega kwenye pipa, akasukuma, pipa likachomoka likapita.